Bangi na Kifafa: Je, Kuna Dawa Ndani ya Mmea Huu?

“Sista, ni kweli bangi inatibu kifafa?” Swali hili sisi wauguzi tumeulizwa mara nyingi, baada ya kliniki ya watoto, katika vikao vya akina mama wa usharika, hata tukiwa tunachagua nyanya soko la Kilombero. Anayeuliza mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Ana mtoto nyumbani anayeanguka. Ameambiwa na jirani achemshe majani, au ndugu aliye ng’ambo amemtumia picha ya chupa ndogo ya mafuta kwenye simu. Hataki kuvunja sheria, lakini pia hataki kumwona mwanawe akianguka tena motoni.

Mama wa namna hii hastahili kukemewa, wala hastahili kudanganywa. Anastahili kujibiwa. Jibu la swali lake lina sehemu mbili, na hatari iko pale mtu anaposikia sehemu moja akaenda zake. Sehemu ya kwanza ni hii: ndani ya mmea wa bangi kimo kiungo ambacho hakilevyi, nacho kimethibitishwa kuwa dawa ya aina chache za kifafa. Sehemu ya pili: majani yanayolimwa kwa siri katika miteremko ya Mlima Meru si dawa hiyo, na yanaweza kumdhuru mtoto. Hebu tuziangalie sehemu zote mbili.

MMEA MMOJA, VIUNGO VINGI

Bangi ina kemikali zaidi ya mia moja za jamii moja ziitwazo kanabinoidi. Inayojulikana zaidi ni tetrahidrokanabinoli, au kwa kifupi THC. Hii ndiyo inayolevya. Ndiyo inayomfanya kijana acheke bila sababu, asahau alichokuwa akisema, aone saa moja kama saa tatu, na kwa wengine asikie sauti ambazo hazipo. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, kuitumia mara kwa mara huongeza hatari ya kuugua akili.

Kemikali ya pili ni kanabidioli, au CBD. Ni ndugu wa THC, lakini tabia zao ni tofauti kama za watoto wa nyumba moja. Kanabidioli hailevyi. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliipitia kwa kina ikaona kwamba kanabidioli safi haionyeshi dalili za kumfanya mtu awe mtumwa wake kama zifanyavyo dawa za kulevya.

Safari yake imekuwa ndefu. Mtaalamu wa kemia Roger Adams wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliitenga kutoka katika mmea mwaka 1940. Mwaka 1963 Raphael Mechoulam na mwenzake huko Israeli walieleza umbo lake kamili, na mwaka uliofuata Mechoulam na Yehiel Gaoni wakaitenga THC. Ndipo ikajulikana ni kiungo kipi kinacholevya na kipi hakilevyi.

Jaribio la kwanza la maana kwa wagonjwa wa kifafa lilifanyika Brazili, likatangazwa mwaka 1980. Wagonjwa walikuwa 15 tu, wote wakiwa ni watu ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Wanane waliongezewa kanabidioli juu ya dawa zao, na saba wakapewa dawa bandia. Kati ya wale wanane, wanne karibu waache kuanguka kabisa na watatu walipata nafuu kiasi. Kati ya wale saba, mmoja tu alipata nafuu. Matokeo hayo yalikuwa ya kutia moyo, lakini yalikaa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 30.

Kilichoyafufua ni kilio cha wazazi. Katika jimbo la Colorado, Marekani, alikuwapo binti mdogo aitwaye Charlotte Figi, mgonjwa wa kifafa kigumu cha utotoni kiitwacho Dravet. Alikuwa akipata degedege hadi 300 kwa wiki. Wazazi wake walimpa mafuta ya bangi yenye kanabidioli nyingi na THC kidogo sana, na mashambulizi yakapungua hadi machache kwa mwezi. Mwaka 2013 habari zake zilionyeshwa kwenye televisheni na kuenea duniani kote. Charlotte alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 13, lakini kisa chake kilikuwa kimekwisha kuwasukuma madaktari kufanya utafiti wa kweli.

UTAFITI ULIONYESHA NINI

Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet. Nusu yao waliongezewa kanabidioli safi kwenye dawa zao, nusu wakapewa dawa bandia, na si wazazi wala madaktari waliojua nani amepewa nini. Katika kundi la kanabidioli, mashambulizi yalishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Katika kundi la dawa bandia yalitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Asilimia 5 ya waliopata kanabidioli hawakuanguka tena muda wote wa matibabu. Katika kundi jingine hakuna hata mmoja.

Tuzitafakari namba hizi kwa utulivu, mama mwenzetu. Dawa ilisaidia, na ilisaidia sana. Lakini kati ya watoto mia, ni watano tu walioacha kuanguka kabisa. Anayesema “mafuta ya bangi yanaponya kifafa” amevuka mbali mno na ukweli huu.

Mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex, kwa aina mbili za kifafa cha utotoni: Dravet na Lennox-Gastaut. Ulaya ikafuata mwaka 2019. Mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu, ile inayotokana na ugonjwa wa vivimbe wa kurithi uitwao tuberasi sklerosisi. Zote tatu ni aina zisizotokea mara nyingi. Kwa kifafa cha kawaida, ambacho ndicho tunachokiona kila wiki katika zahanati zetu, dawa hii si chaguo la kwanza popote duniani.

Nayo ina madhara yake. Huleta usingizi, kuharisha, kutapika na kukosa hamu ya kula. Inaweza kusumbua ini, hasa mtoto akiwa anatumia pia dawa ya sodiamu valproeti, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa damu kabla ya kuanza na baada ya kuanza. Huingiliana na dawa nyingine pia, kama zile za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo neno “asilia” lisitutie usingizi. Hata dawa iliyotoka kwenye mmea inahitaji daktari.

NDUGU MWINGINE: KANABIGEROLI

Siku hizi linatajwa pia jina la kanabigeroli, au CBG. Hii nayo hailevyi, na ilijulikana tangu mwaka 1964. Asidi yake ndiyo mama wa jamii nzima: mche ukiwa mchanga hutengeneza asidi ya kanabigeroli kwanza, kisha kutokana na hiyo hutengeneza mbegu ya THC na ya kanabidioli. Mche unapokomaa, kanabigeroli iliyobaki kwa kawaida haifiki hata asilimia moja. Ndiyo maana haikuzungumzwa sana zamani.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha kwamba kanabigeroli iliweza kupambana, katika panya, na bakteria sugu anayejulikana hospitalini kwa kushinda dawa nyingi za vidonda. Watafiti wengine wameona katika panya ikipunguza uvimbe wa utumbo. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilitangaza jaribio dogo la watu wazima 34 waliokwisha kuzoea kutumia bangi. Miligramu 20 za kanabigeroli zilipunguza hofu na wasiwasi kuliko dawa bandia, wala hazikulevya.

Haya ni matumaini mazuri, lakini panya si mtoto, na watu 34 si taifa. Kanabigeroli bado haijaidhinishwa kuwa dawa ya ugonjwa wowote. Mtu akikuuzia chupa yake akikuahidi kwamba inatibu kansa, kisukari na presha kwa pamoja, jua kwamba anauza maneno.

KWA NINI MAJANI YA MLIMANI SI DAWA HIYO

Sasa turudi nyumbani. Kila mkazi wa Arusha anajua kwamba katika baadhi ya vijiji vya Arumeru bangi imelimwa kwa miaka mingi, katikati ya mahindi au kwenye mabonde yasiyofikika kwa gari. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliendesha operesheni katika kijiji cha Kisimiri Juu na kuteketeza mashamba mengi. Ni jambo la kusikitisha kwa eneo ambalo pia limeipa nchi sifa njema, maana shule ya sekondari ya Kisimiri ilishika nafasi ya kwanza kitaifa katika matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016.

Mama anaweza kujiuliza: kama dawa imo ndani ya bangi, kwa nini nisichemshe majani haya haya? Sababu zipo nne.

Kwanza, bangi inayolimwa kwa ajili ya kuvutwa huchaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ukali wake. Ina THC nyingi na kanabidioli kidogo. Ukimpa mtoto, unampa hasa kile kinacholevya. Mtoto mdogo aliyekunywa au kula bangi anaweza kulala usingizi mzito usioamshika, na hata kupumua kwa shida.

Pili, kemikali hizi haziyeyuki vizuri kwenye maji. Zinapenda mafuta na pombe. Chai ya majani hutoa kiasi kidogo kisichotabirika. Leo hafifu, kesho kikali.

Tatu, ni kipimo. Katika utafiti wa mwaka 2017 mtoto alipewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 alihitaji miligramu 400 kila siku. Hakuna mama anayeweza kupima hivyo kwa kijiko na sufuria. Hata chupa za dukani huko ng’ambo haziaminiki: watafiti wa Marekani walipopima bidhaa 84 za kanabidioli zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, wakatangaza matokeo mwaka 2017, ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, na 18 zilikutwa na THC ndani. Tena chupa yenye miligramu 500 ingemtosha mtoto huyo wa kilo 20 kwa siku moja na robo tu.

Nne, ndiyo kubwa kuliko zote: mama anapoanza majani, mara nyingi huacha vidonge. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mashambulizi hurudi kwa nguvu, moja juu ya jingine bila mtoto kuzinduka. Hali hiyo huua. Sisi wauguzi tukisikia mtoto ameletwa hajazinduka tangu alfajiri, jambo la kwanza tunalouliza ni kama vidonge vilikatishwa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi, na adhabu zake zinafikia kifungo cha miaka mingi. Haimwachii mama nafasi ya kupanda mche nyuma ya jiko kwa sababu ana mgonjwa. Mama akifungwa, mtoto mwenye kifafa atabaki na nani?

Ni kweli mambo yanabadilika duniani. Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa, mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018 na Malawi mwaka 2020. Jirani zetu wa Rwanda walitoa kanuni mwaka 2021 za kulima kwa ajili ya kuuza nje, huku uvutaji ukiendelea kukatazwa. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari kabisa zisizo na faida ya tiba, ingawa iliendelea kuwa chini ya udhibiti mkali. Lakini katika nchi hizo zote, kinachoruhusiwa ni shamba lenye leseni, ulinzi na maabara. Si majani ya kufungwa kwenye gazeti.

KIFAFA KINATIBIKA HAPA HAPA

Habari njema kuliko zote haitoki ng’ambo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia ipasavyo. Dawa hizo ni za zamani na zinajulikana: fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, kabamazepini, fenitoini na sodiamu valproeti. Epidiolex ilipoingia sokoni bei yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola 32,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa katika kabati la zahanati.

Nchi yetu ina ushahidi wake. Mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoa wa Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wakila peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu watu waliogopa kuwashika walipoanguka kwenye mafiga. Kwa vidonge vya kawaida na ufuatiliaji wa uaminifu, wengi walipata nafuu na kurudi shambani na katika jamii. Hakuhitaji dawa ya ajabu. Alihitaji dawa isiyokatika na watu wasioogopa.

Karibu nasi zaidi, hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, imeshiriki kwa miaka mingi katika utafiti unaohusisha kifafa na tegu wa nguruwe. Hapa Arusha tunapenda kitimoto, kwa hiyo tuelewe vizuri. Anayekula nyama yenye malengelenge isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake, na yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, husafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hata asiyeonja kitimoto anaweza kupata. Choo bora, sabuni, nyama iliyoiva na nguruwe waliofungiwa bandani ni kinga ya kifafa.

Sababu nyingine ni uzazi wenye matatizo, pale mtoto anapochelewa kulia, pamoja na malaria kali, homa ya uti wa mgongo na ajali za kichwa, hasa za bodaboda. Kujifungulia mahali penye mkunga aliyesomea na kuvaa kofia ngumu navyo ni kinga.

MAMA, FANYA HAYA

Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni na utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimkandamize. Usimmwagie maji wala kumnusisha moshi. Akizidi dakika 5, au akirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

Usiogope mate yake. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa kula sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Mtoto akae mezani na wenzake na aende shule.

Mwanzishie dawa zahanati, na usikatishe bila ushauri hata kama amekaa mwaka mzima bila kuanguka. Dawa za zahanati zikishindwa, omba rufaa uende hospitali ya Mount Meru, Selian au KCMC Moshi. Kama ipo siku daktari bingwa ataona mtoto wako ana zile aina chache zinazohitaji kanabidioli, uamuzi huo utatoka kwake, kwa njia halali na kwa dawa iliyopimwa.

Binti mwenye kifafa anayefikia umri wa kuzaa azungumze na daktari mapema, kwa maana sodiamu valproeti inaweza kumletea mtoto aliye tumboni kilema. Asikatishe mwenyewe; abadilishiwe. Na mjamzito yeyote asitumie bangi kwa namna yoyote, maana mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kama tayari umempa mtoto majani au mafuta, mwambie muuguzi. Hatuulizi ili tukupeleke polisi. Tunauliza ili tujue tumpe nini na tusimpe nini.

Kuhusu maombi, hatuoni ugomvi kati ya madhabahu na kabati la dawa. Mwombee mtoto wako jioni, kisha mpe kidonge chake na maji. Anayekwambia uache dawa ili kuonyesha imani anakutwisha mzigo ambao yeye hataubeba usiku mtoto atakapoanguka.

Nasi akina mama wa vikundi vya kanisa tuna kazi yetu. Katika kila jumuiya yumo mama mmoja mwenye mtoto anayefichwa chumba cha nyuma. Wiki hii twende kumtembelea. Tumuulize kama vidonge vimebaki, kama ana nauli ya kliniki, kama jiko lake limeinuliwa juu ya mafiga ili mtoto asiangukie moto. Nauli ya daladala kutoka Ngaramtoni au Usa River inaweza kuchangwa katika kikao kimoja, na huenda ikawa ndiyo iliyokuwa ikikosekana muda wote.